Sindano Katika Mfuko wa Tambuu

Nilikuwa nasukuma jiwe kwenye pengo la ukuta unaoshikilia shamba letu la mpunga mlimani, likaponyoka na kunivunja kidole cha mguu.

"Wifi, hata jiwe limekuchoka!" Aginaya akacheka kutoka chini, matope magotini.

Tezi zangu za juu ya figo ziliacha kazi zamani. Vidonge vya asubuhi hunitosha kulima, lakini mfupa ukivunjika, bila sindano naweza kufa. Jasho la baridi likanitoka; mlima ukafifia.

"Mfuko wa tambuu," nikasema.

"Utafune sasa hivi?" Kisha akaona midomo yangu ilivyopauka. Akapanda mbio, akafungua mfuko kiunoni mwangu, akaitoa sindano kati ya majani. "Nilijifunzia kwenye boga tu, wifi!"

"Basi mimi ni boga. Choma paja."

Akachoma.

Dawa yenyewe haijazi kijiko. Lakini baada ya kitambo mlima ulirudi, shamba juu ya shamba, maji yakimetameta hadi mawinguni, na kila jiwe liliwekwa na mtu aliyeinama kama mimi.

Nikanyoosha mkono kulifikia lile jiwe.

"Liache!" Aginaya akafoka, machozi yakimtoka. "Twende hospitali. Kesho nitasukuma mimi, wewe utanielekeza."

Tukaliacha pengo, maji yakichirizika.