Chai ya Ijumaa

Sheria ilitaka aliyepandikizwa kioo cha jicho cha marehemu anywe chai kwa mama wa marehemu kila Ijumaa, mradi kioo kinaona. Kikifa, ziara zikome.

Nzioka alifika, akavua miwani kabla ya kuombwa, akainama penye mwanga ili Bi Riziki alitazame jicho lenye kioo cha marehemu mwanawe, Mwatela. Lilikuwa jekundu.

"Umeacha kutia dawa?"

"Ilinichosha, mama. Sasa naona ukungu."

"Ni mvuke wa chai tu," alisema Bi Riziki, akihofu daktari angetangaza kioo kimekufa, ingawa jiko lilikuwa bado baridi.

Nzioka akatabasamu, akalifumbua jicho zaidi ili mama wa watu ashibe kulitazama. Wema huo ukamchoma Bi Riziki. Akajitanda kanga.

"Twende kwa daktari, mwanangu. Chai tutakunywa tukirudi."