Wageni wa Pasaka

Sufuria ya tatu ya pilau ilipopita mlangoni, Makena alijua kuna mtu amefariki.

Hakuwa amealika yeyote. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee kule Anoka, na mpango wake wa Pasaka ulikuwa kulala hadi mchana. Lakini Wakenya wa Minnesota hawaji kwa mtu na masufuria bila kupiga simu, wala hawavui viatu kimya namna ile, kama wanaogopa kuamsha mtoto. Kwao habari ya msiba haisemwi kwa simu. Watu hukusanyika kwanza, chakula kikaja, mchungaji akafika, ndipo mfiwa akaambiwa akiwa amezungukwa.

Na mfiwa alikuwa pale mezani, vidole vimejaa rangi.

"Nchi gani hii, sungura anataga mayai?" Shosho alikuwa akimwuliza mjukuu wake, Stacy.

Shosho, mama mkwe wake Makena, alikuwa amekuja kwao Fridley tangu majira ya baridi kuwasaidia kulea. Asubuhi hiyo alichemsha mayai na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu kama udongo wa Meru, na sasa wawili hao walikuwa wakiyaviringishia nyuzi za kusukia vikapu vya kiondo. Sungura wa darasa la Stacy, aliyekuja kulala kwao wikendi ya Pasaka, alitafuna ncha ya uzi chini ya meza.

"Huyu kwetu saa hizi angekuwa sufuriani na dhania," Shosho alisema. Stacy alipiga kelele kwa Kiingereza, akamkumbatia sungura wake, huku akicheka.

Makena aliwatazama. Mzee. Figo zilikuwa zimemsumbua baba mkwe wake mwaka mzima. Ndiyo maana Gitonga, mume wake, alikuwa amepanda ndege kwenda Meru. "Nikimkosa akiwa hai sitajisamehe," alimwambia Makena uwanja wa ndege. Tangu jana simu ya Gitonga haikupatikana, na sasa Makena alielewa kwa nini. Alikuwa akihangaika na mochari na jamaa, hana chaji, hana moyo wa kulisema.

Alimvuta Wambui hadi kwenye chumba cha kufulia. Wambui na mumewe Nahashon, ndugu yake Gitonga, walikuwa wametoka mji wa Savage mapema kuliko wote.

"Ni nyumbani, sivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nina macho."

Wambui alimwangukia begani akalia.

"Wee, nyamaza! Shosho atasikia. Unajua presha yake. Mchungaji yuko wapi?"

"Pasta Wanjala anamaliza ibada, anakuja. Mama Stacy, hebu kaa kwanza. Ule kitu kidogo."

"Nikikaa, hawa watu watahudumiwa na nani?"

Akatoka kuipanga siku. Alimpima Shosho presha kwa kisingizio cha mazoea ya kazi, akampa dawa yake na chai. Alizima televisheni. Alimwambia Nahashon ahamie kiti cha karibu na mama yake. Nahashon alikuwa na macho mekundu na hakuweza kumtazama Makena.

"Jikaze, shemeji," alimnong'oneza. "Ukilia saa hii utaharibu kila kitu."

Nahashon alienda kusimama uani penye mabaki ya theluji chafu.

Kila aliyepewa sahani aliiweka chini na kumshika Makena mkono, akakawia kuuachia. "Pole na kazi," walisema.

Bafuni alijifungia, akamlilia Mzee kidogo. Alikumbuka siku ya mahari, wazee wa pande zote mbili wakivutana, na Mzee akiinuka kusema, "Inatosha. Huyu ni binti, si gari." Tangu hapo hakumwita mkamwana hata mara moja. Alimwita mwanangu.

Alinawa uso, akampigia Gitonga. Imezimwa bado. Akamwachia ujumbe wa sauti, kwa kunong'ona.

"Najua, mpenzi. Wala usijilaumu. Ulifika, mkaonana, hilo haliondoki. Ya huku niachie. Mama nitamshika mimi."

Mchungaji alipoingia, mazungumzo yalikatika. Wambui alimtoa Stacy nje pamoja na sungura. Wanaume walivua kofia. Shosho aliweka yai mezani taratibu, akawaangalia mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini? Pasta, kuna nini?"

Makena alikuwa tayari ameketi kando yake, mkono begani kwake. Alikuwa amejipanga: angemshika asianguke, angelia baadaye.

"Mama, niko hapa," alisema. "Siendi popote."

Simu ya Nahashon ililia. Aliiangalia, kisha akamwangalia mchungaji.

"Pokea," Wanjala alisema. "Ameomba aseme mwenyewe."

Nahashon aliiweka mezani katikati ya mayai, akafungua spika. Hatimaye Gitonga, Makena aliwaza, akambana Shosho kifuani.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, imekwaruzwa na ugonjwa, ikivuta pumzi kwa shida.

"Makena, mwanangu," baba mkwe wake alisema. "Ilipaswa kuwa mimi."