Wali wa Mbegu Mpya

"Huu wa mbegu mpya ndio wali!" alisema Mama Kandida, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima hapa Mchombe.

Wenzake wakaonja sahani zote mbili, ya mbegu mpya na ya zamani, wakamtazama usoni, wakaitikia. Hata bibi mmoja mbishi akasema kweli, huu unanukia zaidi.

"Basi mbegu ya zamani tunaiacha. Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Yangu, mimi mpishi, nilikuwa nimeificha ndani ya kanga, kucha nyeusi kwa ukoko. Wali wa mbegu mpya uliniungulia asubuhi, na kwa aibu nikajaza sahani zote mbili kutoka sufuria ya mbegu ya zamani.

Nikaingia jikoni, nikarudi na sufuria iliyoungua, nikaitua katikati ya mkeka.

"Mama zangu, mbegu mpya hamjaionja. Ndiyo hii."