Mwombe Linda Msamaha

"Piga magoti sawasawa," Gladwell alisema. "Unaomba msamaha, hupangusi sakafu."

Wamuyu akateremsha na goti la pili. Kwenye viti, akina mama wawili wa kanisa waliokuja kunywa chai waliacha kutafuna mandazi ili wasipitwe na neno.

Mchana ule kaka yake Njuki alikuwa amempigia simu kutoka Siakago. Mama yao amezidiwa, hatambui mtu tena, ila analitaja jina moja tu: Wamuyu. "Njoo leo," Njuki alisema, "maana daktari ametuambia..." Lakini Linda alikuwa hapo sebuleni akimsimulia Kagure, binti wa Gladwell, hadithi ya sungura kwa sauti ya juu, na maneno ya daktari yakapotelea humo. Wamuyu akapayuka: "Nyamaza, mjinga wewe!"

Gladwell alikuwa mlangoni.

Katika nyumba ile ya Kinoru hakuna aliyemsemesha Linda hivyo. Tangu baba Kagure amlete kutoka Nairobi, sheria ilikuwa moja: ukimwomba kitu, anza na tafadhali, akimaliza, sema asante. Kagure mwenyewe, na udogo wake wote, alishafinywa sikio kwa kusahau. Linda hakuwahi kushika ufagio wala kusuuza kikombe. Alikaa mahali pake karibu na televisheni akiulizwa mambo: kama mvua itanyesha Timau, au mstari fulani wa Biblia unasemaje. Alijibu yote bila kuchoka, kwa sauti laini ya watu waliosoma. Wamuyu, aliyeacha shule akiwa darasa la tano, alimwogopa. Yeye akihitajika jikoni, aliitwa "wewe!"

"Mama Kagure," alisema akiangalia chini, "nikimwomba msamaha, utaniruhusu niende nyumbani? Magari ya Embu huisha mapema."

"Adabu kwanza. Akikusamehe, utaenda."

Wamuyu akamgeukia Linda. "Linda, nisamehe." Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Samahani, sijakusikia vizuri," Linda alisema. "Tafadhali rudia."

Karwirwa, mmoja wa wale wageni, alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. "Ngai! Kwani huko Mbeere mnaongea na maji mdomoni? Mwambie tena, msichana!"

"Linda, nisamehe kwa kukutusi."

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

"Mnamsikia?" Gladwell aliwageukia wageni wake. "Ametukanwa, na bado anasema tafadhali. Huyu mwingine nimekaa naye mwaka mzima, hata asante sijui kama anaijua."

Masikio ya Wamuyu yaliwaka moto. Tangu kuzaliwa kwake hakuwa mtu wa kupaza sauti mbele za watu. Kanisani alisimama nyuma, sokoni alilipa bei aliyotajiwa. Lakini sasa alimwona mama yake kitandani, akigeuza uso kuelekea mlangoni kila mbwa anapobweka. Akavuta pumzi.

"Linda! Mimi Wamuyu nimekukosea! Nisamehe, nakuomba, nisamehe niende nikamwone mama yangu kabla hajafa!"

Linda hakujibu. Hata friji jikoni ilikuwa imekata mngurumo wake.

"Sasa umemuudhi kabisa," Karwirwa alisema, akijizuia kucheka. "Hata mimi nisingekujibu. Unamfokea mwenzako hivyo?"

Wamuyu akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Nisamehe," alisema, safari hii taratibu. "Tafadhali. Tafadhali, Linda."

Kagure akateremka kitini, akamnyanyua Linda kwa mkono mmoja, waya wake ukining'inia, akamtikisa karibu na sikio lake.

"Mama, Linda amezima. Stima imepotea."

Gladwell alijiongezea chai, kisha akamtazama Wamuyu pale chini.

"Basi wewe kaa hapo hapo na magoti yako mpaka irudi."