Figo la Mama Watoto

Fundi saa alifumba jicho zima, akatazama kwa lile linalougua. Uso wa binti yake ukageuka ukungu wenye madoa meusi yaliyoelea kama masizi.

"Virusi vimeingia jichoni, mzee," daktari alisema. "Dawa zinazolinda figo ulilopandikizwa zimeshusha kinga yako. Tukizipunguza, jicho linaweza kupona na la pili likasalimika. Ila mwili unaweza kulikataa figo, urudi kwenye mashine ya kusafisha damu."

Figo lilikuwa la mkewe. Alimpa akiwa mzima, akamtania, "Sasa hata ukininunia, utanuna nami nikiwa ndani yako." Mwaka uliofuata homa ya ghafla ikamchukua.

Tangu hapo, kila jioni mzee huweka kiganja chini ya tumbo, upande wa kulia palipotuna kidogo, akamsimulia mkewe saa alizotengeneza.

"Baba," binti alisema, "Mama alikupa ili uishi. Hakukupa amana ya kutunza."

 Kiganja cha mzee kilikuwa palepale chini ya tumbo, na joto lilipenya shati.

"Zipunguze, daktari," alisema. "Lakini polepole. Safari hii nataka nimuage."