Jina la Mama Reem

Bi Nunu aliuliza kwa mara ya tatu jukwaa lina ngazi ngapi.

"Tano, bibi," alijibu Khairat, msichana wa tamasha la filamu. "Lakini wewe hutopanda hata moja. Tuzo tutakuletea chini, kwenye kiti chako."

"Nani kasema?"

Khairat alimtazama Reem, binti wa pekee wa Bi Nunu, ambaye naye ana wajukuu. Reem akajitia kukunja mkeka.

Mtaa mzima wa Jang'ombe ulikuwa unajua sababu, isipokuwa Khairat. Mwaka wa sitini na mbili Bi Nunu alikuwa na miaka kumi na tisa, na picha yake imebandikwa kila kona ya mji. Wakati ule wanaume ndio waliokuwa wakivaa magauni na kuigiza wake za watu. Yeye akapanda jukwaani kwa uso wake mwenyewe. Akacheza filamu pia, moja tu, ya dakika arobaini. Kisha akaolewa na Hisham, kijana aliyekuwa akikaa kiti cha mbele kila onyesho. Aliyempenda jukwaani ndiye aliyemshusha.

Wiki ya pili ya ndoa, mkubwa wa kikundi chake cha maigizo alikuja kupiga hodi. Hisham alimjibu pale pale mlangoni, majirani wanasikia: "Siku atakayoitwa Nunu binti Suud akapanda jukwaani, basi kaachika, talaka tatu." Akafunga mlango, akaomba chai.

Talaka ya sharti, mume akishaitamka, hawezi kuirudisha mdomoni. Hisham wala hakutaka kuirudisha.

Mwaka ule ule Bi Nunu alikwenda kwao Kikwajuni na sanduku lake. Kaka yake alimrudisha kwa mumewe kabla chakula cha mchana hakijaiva. Baada ya hapo kikundi kilikufa, picha zikabanduka, filamu ikapotea. Alipozaliwa Reem, jina nalo likaenda zake: akawa Mama Reem kwa mume, kwa majirani, kwa muuza samaki. Mtu anaishi miaka sitini bila ya kuitwa jina lake, na sisi tunasema ndiyo heshima!

Sasa filamu imeonekana, ndani ya kopo lenye kutu, katika stoo ya nyumba moja Mpendae. Na wenye tamasha wanataka kumtuza.

Reem hakulala siku mbili. Baba yake ana miaka tisini, macho hayaoni vizuri, chai ananyweshwa. Wazee wa umri huo waachane kwa ajili ya tuzo, kipande cha kioo? Alikwenda kwa shekhe. Shekhe alifikiri, akasema sharti lile lina mambo mawili, kuitwa jina na kupanda. Moja likikosekana, ndoa ipo. Reem, kwa hadhari, akayaondoa yote mawili. Mshereheshaji atasema "Mama Reem", na tuzo itashushwa chini.

"Umeridhika, mama?"

"Umehangaika mno, mwanangu," alisema Bi Nunu.

Mzee Hisham alicheka kitandani kwake. "Na mimi nnakwenda. Mnababaika bure, hapandi huyo. Miaka sitini na mbili hajanivunjia neno langu hata siku moja."

Siku yenyewe, Bi Nunu alikunja kanga mbili na mswala, akavitia kwenye mkoba.

"Vya nini, mama?"

"Magharibi itatukuta huko huko."

Walifika ukumbini Mji Mkongwe saa kumi alasiri. Khairat alipomshika mkono kumteremsha garini, Bi Nunu alimtia kikaratasi kiganjani. "Mpe huyo anayeita watu. Ndilo jina langu la kwenye filamu."

Khairat alikisoma, machozi yakamlengalenga. Bibi wa watu anataka kulisikia jina lake mara moja kabla hajafa. Nani angekuwa na roho ya kumnyima?

Filamu ilionyeshwa. Ukutani msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa akicheka huku akikimbia na viatu mkononi, na watu wakapiga makofi hata hawakusikia maneno. Bi Nunu alijitazama bila ya kupepesa. Ilimuuma kuona namna alivyokuwa mwepesi.

Taa zikawashwa. Mshereheshaji akafungua kikaratasi.

"Nunu binti Suud!"

Reem alimdaka mama yake buibui. "Kaa, mama. Wanakuletea."

Bi Nunu alilitoa buibui mkononi mwa binti yake taratibu, akainuka. Ngazi ya kwanza aliipanda kwa mguu wa kulia, ya pili akashika goti.

"Mama Reem!" aliita Mzee Hisham kutoka kiti cha mbele. Alipoona hageuki, sauti ikampasuka: "Nunu! Nunu, usipande!"

Ya tatu. Ya nne. Ya tano.

Mshereheshaji alimnyooshea tuzo. Bi Nunu akachukua kipaza sauti.

"Hiyo wekeni," alisema. "Mimi nlikuwa nnangoja kuitwa tu, miaka sitini na mbili. Reem, nletee mkoba wangu. Nnakwenda Kikwajuni, na mara hii hakuna wa kunirudisha."