Chumba cha Nyuma

Fundi Mbaruku alichomeka kisanduku kimoja sebuleni na kingine jikoni, akamweleza Siwema kwamba sasa intaneti itapita ndani ya nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Kisha akakodolea simu yake macho.

"Mama, nimechomeka visanduku viwili, lakini hapa vinasomeka vitatu. Hiki kimeandikwa Chumba cha Nyuma."

Hivyo ndivyo marehemu mume wa Siwema alivyokiita chumba chake, alimokuwa akijifungia kutwa nzima. Baada ya arobaini, Siwema alikibomoa chumba hicho hadi msingi, akapanda mibamia mahali pake.

"Nikiondoe?" aliuliza fundi.

Siwema alitazama dirishani.

"Kiache."

Nje hapakuwa na upepo. Mibamia ya katikati ikaachana taratibu, kama inampisha mtu.